Kokwa la Kisigino

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na binti yetu Kifungo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa. Kama umesimama, kaa, na kama uko juu ya ngazi, shuka kwanza, kuta za watu hazikimbii. Huku sisi tunaendelea. Mama hajambo isipokuwa magoti, na analalamika kwamba siku hizi ukipiga simu unaongea kama mtu aliyeacha chungu jikoni, halo na kwaheri papo hapo. Mimi ninaandika nikiwa kitandani mchana kweupe, na wewe unayenijua utajua kwamba hilo si jambo la kawaida. Shemeji yako aliyekuletea barua hii mkononi ameagizwa asiseme lolote mpaka uimalize. Usimsumbue kwa maswali. Mume wangu namjua, ukimbana kidogo atakueleza yote na atayaeleza kombo.

Barua yako ya mwisho niliipata. Mara ya kwanza niliisoma nikacheka, mara ya pili nikatafuta viatu vyangu. Nitaijibu, lakini nikianzia kwenye jibu hutanielewa, kwa hiyo nivumilie nikusimulie kwa mpangilio. Nina hofu, Kaka. Nalisema mapema ili usidhani natia chumvi. Ninaogopa kuliko siku ile tulipomkuta Baba ameinamia cherehani, mguu bado uko kwenye pedali.

Mambo yenyewe yalianza wakati wa sare za shule, msimu ambao huwa sipati hata nafasi ya kujikuna. Nikipanda zile ngazi kutoka barabarani hadi chumba cha ushonaji, kitu kilikuwa kinanibana katikati ya kifua, kinapanda hadi kwenye taya. Nikifika juu nikikaa, kinaondoka. Nikasema ni kiungulia, maana nilikuwa nakula nikiwa nimesimama. Unakumbuka Baba alivyokuwa akikwangua chaki ya kuchorea vitambaa kwa wembe, anailamba, anasema tumbo linamuwaka? Na mimi nikafuata nyayo. Nilimaliza chaki nyeupe nikaingia ya bluu. Mama aliniona ulimi wa bluu akacheka, akasema nimekuwa baba yangu mtupu.

Siku yenyewe nilikuwa nimepiga magoti nampimia karani mmoja pindo la suruali, pini ziko mdomoni. Nilipotaka kuinuka kifua kilikazwa, jasho baridi likanitoka mgongoni, na nilichokifikiria ni pini tu, kwamba nikianguka nitazimeza. Nikazitema sakafuni, halafu nikakaa chini juu ya vipande vya vitambaa, nikashindwa kusema. Yule karani, Mungu ambariki, alinibeba kwenye ngazi zote zile na kunifikisha hospitali akiwa amevaa suruali ile ile, mguu mmoja umekunjwa na mwingine unaburura, pini zinamchoma kila hatua. Mpaka leo suruali sijammalizia.

Hospitali walinilaza, wakanivua viatu, wakanibandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni ili wausome moyo. Daktari alikuwa dada mmoja mpole, kiumri angeweza kuwa mdogo wetu. Alikuwa ananirekebishia waya wa mguuni, mkono wake ukapita nyuma ya kisigino changu, ukasimama. Akaurudisha. Akalishika kokwa langu, kile kinundu kigumu cha nyuma ya kisigino, kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akalisugua taratibu vile vile Baba alivyokuwa akipapasa kitambaa cha sufi kabla ya kukinunua.

Kaka, nilifurahi. Nakuambia ukweli, nimelala pale na kifua kinaniuma, nilivimba kichwa. Nilikumbuka ile siku Baba alipotukalisha kwenye benchi la kupigia pasi, wewe ukiwa umemaliza shule na mimi nikiwa bado, akasema leo tutajua nani amepewa mguu wa cherehani. Alianza na wewe, mtoto wa kiume na kifungua mimba, kila mtu akijua cherehani ni yako. Akapapasa kisigino chako cha kulia, akapapasa cha kushoto, akarudia cha kulia. Laini. Kisha akashika changu, akacheka kwa sauti, akamwita Mama aje aone, kwamba kokwa la babu limemwotea msichana. Nakumbuka ulivyovaa viatu polepole, ukafunga kamba kwa uangalifu kama unayekwenda mbali, na kwa kweli ulikwenda mbali. Mwaka huo huo ukashika brashi ya rangi, na hukukaa tena kwenye kile kiti. Kila tukikutana unarusha ule utani wako, kwamba damu ya mafundi ilikuruka. Watu wanacheka. Mimi nacheka nao, lakini ndani naringa, kwa sababu kokwa ninalo.

Basi nikamwambia daktari kwa majivuno kwamba hilo si uvimbe, asihangaike nalo, ni kisigino cha kazi, cha urithi, kwetu hapati cherehani asiyekuwa nacho. Yeye hakucheka. Aliniuliza nani mwingine anacho. Nikaanza kumtajia nikihesabu kwa vidole: Babu alikuwa nacho, Baba alikuwa nacho, Baba Mdogo alikuwa navyo vyote viwili, hadi viatu vilimkataa. Akaniuliza wako wapi. Nikamwambia wote walifia kazini, wamekaa, mguu kwenye pedali, hakuna hata mmoja aliyefika miaka hamsini, kwetu ndivyo mafundi wanavyoondoka. Nililisema kama tunavyolisema siku zote, kama sifa. Sikumaliza sentensi. Sauti yangu mwenyewe ilinirudia masikioni, nikasikia nilichokuwa nasema.

Hatukuwahi kujiuliza, Kaka. Shangazi alikuwa na visigino laini, akashona kwa mkono miaka yote, akala chumvi mpaka akawa anatuchanganya majina. Tukasema huyo si fundi wa kweli.

Daktari alinieleza kwa utulivu, akarudia kila niliposhindwa kuelewa. Alisema kwamba mafuta yanayoitwa kolesteroli hayaelei ovyo kwenye damu, yanabebwa ndani ya chembe ndogo mno, maelfu kwa maelfu, na ini ndilo linalopaswa kuzipokea na kuziondoa. Ini lina milango ya kuzipokelea. Sisi tuliozaliwa hivi tuna karibu nusu tu ya milango inayofanya kazi, kwa hiyo chembe zinazunguka na kuzunguka bila mpokeaji, tangu siku mtu anapozaliwa. Nikamwambia hilo nimelielewa, ni nguo zilizokwisha kushonwa ambazo wenyewe hawaji kuzichukua, mwishowe chumba kinajaa mpaka hakuna pa kupita. Akasema ndivyo, ila kwenye mwili chembe hizo hujipenyeza ndani ya kuta za mishipa, na mishipa midogo inayoulisha moyo ndiyo inayoumia zaidi. Zinaingia, zinakwama, ukuta unavimba na kuwa na uji wa mafuta ndani yake, njia inakuwa nyembamba. Siku moja ukuta unapasuka kidogo, damu inaganda pale, na moyo unakosa chakula.

Mafuta mengine, alisema, yanajikusanya kwenye kano nene za nyuma ya visigino, polepole, miaka mingi. Hilo ndilo kokwa letu. Ni mafuta yale yale yanayoziba moyo, yamepata mahali pengine pa kukaa.

Nilibisha, unanijua. Nilimwambia kolesteroli ni ya watu wenye vitambi wanaokula wakasaza, mimi kiuno changu nakipima kwa utepe wangu mwenyewe na hakijaongezeka tangu harusi, na wewe ndiye uliyenipa jina la Sindano. Akasema ugonjwa huu hautazami kiuno. Chakula bora kinasaidia na kila mtu akifuate, lakini mtu aliyezaliwa nao anaweza kula majani maisha yake yote na chembe zikaendelea kujaa. Aliponionyesha kipimo changu cha damu niliona sura yake kuliko nilivyoona tarakimu. Walinipitishia waya mwembamba kwenye mkono hadi moyoni, wakaupanua mshipa mmoja na kuacha kijibomba cha wavu ndani yake. Nililala macho nikiona kivuli cha moyo wangu mwenyewe kwenye kioo, unarukaruka, na nilikuwa nautazama kama mtu anayetazama mtoto wake akivuka barabara kubwa.

Sasa nimerudi nyumbani na vidonge vya kila siku, vya maisha. Mchana najitia ujasiri, lakini nikiamka asubuhi kitu cha kwanza ninachofanya, kabla ya kumsalimia mume wangu, ni kuweka mkono kifuani. Nikisikia tumbo linanguruma naogopa. Nikipiga mwayo nikahisi taya, naogopa. Cherehani iko pale dirishani na siigusi. Natazama pedali ilivyolika upande mmoja kwa nyayo za watu watatu na zangu, na ninashindwa kuweka mguu.

Mama nilimwambia mwenyewe. Aliendelea kuchambua mchele. Kisha akasema kwamba visigino vile alikuwa akivipaka mafuta kila jioni kwa raha zake, na siku ya msiba aliwaambia wageni waliokuja kumzika Baba kwamba mume wake ameondoka na mguu wa fundi. Akasema alikuwa anausifu ugonjwa mbele ya maiti. Hakulia, lakini mchele aliurudia kuuchambua ule ule mara mbili.

Utaniuliza mbona nilipokupigia simu sikukwambia haya. Nilijaribu. Nilipotaja tu kolesteroli ulicheka mpaka ukakohoa, ukaniuliza tangu lini nimekuwa tajiri, halafu ukaniambia kuna mwenye nyumba anakuita. Daktari alikuwa ameniagiza kwamba ndugu zangu wote wapimwe damu. Lakini nilijiambia moyoni, na hapa ndipo nilipokosea, kwamba wewe huna haja. Visigino vyako ni laini. Baba mwenyewe alivipapasa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuonea wivu, nikasema, kumbe aliyenyimwa ndiye aliyepona. Nikakuacha uende kwa mwenye nyumba wako.

Halafu barua yako ikaja.

Umeandika kwa furaha ambayo sijaiona kwako tangu siku ile ya benchi. Umeniambia kwamba Kifungo alikuwa anaosha miguu uani, ukaona, ukamwita, ukapapasa, na ukampigia kelele wifi aache alichokuwa anafanya aje. Kokwa, visigino vyote viwili, na ana miaka kumi na sita tu. Umeandika kwamba hatimaye damu imekurudia kupitia mtoto wako, na kwamba likizo hii utamleta mwenyewe nimkalishe kwenye cherehani ya Babu mbele ya Mama. Chini kabisa, kama mtu anayejaza karatasi, ukanitania kwamba uzee umeanza kukuingia kwa njia ya tumbo, kwamba una kiungulia cha ajabu, ukipanda ngazi na ndoo ya rangi kinawaka, ukishuka ukakaa kinapoa, na mfuko wa ovaroli yako umejaa vidonge vya tumbo.

Kaka, kiungulia gani kinachojua ngazi?

Nilichukua barua yako nikarudi nayo kwa daktari bila hata kuomba miadi. Nilikaa kwenye korido mpaka akatoka. Nilimuuliza swali moja tu, kama jambo hili linaweza kumruka mzazi likamwangukia mtoto, litoke kwa Baba limpite kaka yangu limfikie Kifungo. Nilikuwa naomba moyoni anijibu ndiyo. Akatikisa kichwa. Akasema halina mabawa. Mtoto hulipata kwa mzazi mmoja au mwingine, na kama upande wa mama watu wanazeeka salama, basi limetoka kwa baba. Na upande wa wifi unaujua, bibi zake wanazeeka mpaka wanagombana na vitukuu. Nikamwambia kaka yangu hana kokwa, alipapaswa na fundi aliyejua kupapasa. Akasema kokwa haliwaotei wote. Wapo wanaobeba mzigo mzima wa chembe hizo na visigino vyao vikabaki laini mpaka siku wanapoanguka. Kisha nikamsomea ile sehemu ya ngazi. Akaniuliza unaishi wapi na kama unaweza kufika hospitali leo. Hakusema wiki hii. Alisema leo.

Ndiyo hiyo habari yangu, nimeizunguka kurasa zote hizi kwa woga wa kuiandika. Unayo, Kaka. Kipimo cha damu ndicho kitakachothibitisha, daktari amenikumbusha niseme hivyo, lakini mimi nakwambia unayo. Miaka yote hii ulilia kwamba damu ya Baba ilikuruka. Haikukuruka. Ulikuwa nayo pale pale kwenye benchi, ukifunga kamba za viatu, na Baba hakuiona kwa sababu aliitafuta kwenye kisigino. Yeye alikufa akiwa na umri utakaoutimiza mwakani. Nimeliwaza hilo mpaka nimechoka, kila nikifumba macho nakuona uko katikati ya ngazi, umeshika kifua, unamwambia msaidizi wa chini kwamba ni gesi tu.

Kuhusu Kifungo, nisikilize vizuri, kwa sababu hapa kuna habari njema na sitaki ikupite. Daktari amesema akipimwa sasa na akaanza dawa mapema, chembe zile zinapungua kabla hazijaharibu kitu, na anaweza kuzeeka. Kuzeeka, Kaka! Hakuna mwenye kokwa kwetu aliyewahi kujaribu. Usimtishe, na usimfiche. Mwambie si aibu wala si sifa, ni jambo la kutunzwa. Na mwambie cherehani ni yake kama anaitaka, na ingekuwa yake hata kisigino chake kingekuwa laini kama cha mtoto mchanga. Nilitaka kukwambia na wewe hivyo hivyo. Kiti kile kilikuwa chako pia. Nilikikalia peke yangu kwa sababu ya ugonjwa, na wala sikujua.

Nilitaka kuja mwenyewe, nimekatazwa safari. Nilitaka kukupigia simu, ungenichekesha na ningekuacha tena. Kwa hiyo nimemtuma shemeji yako, na nimemwagiza asirudi bila wewe kupita kwa daktari. Anajua la kusema pale mlangoni mwa hospitali, nimemkaririsha kama mtoto wa darasa la kwanza: maumivu ya kifua yanayokuja kwa ngazi, baba na babu na baba mdogo waliondoka mapema, dada yake amewekewa kijibomba. Ngazi na ndoo viacheni hapo hapo vilipo, mwenye nyumba anune akitaka. Kifungo na wifi wafuate, naye binti apimwe siku hiyo hiyo. Usiniambie utakwenda kesho. Baba naye alikuwa na koti la mtu la kumalizia kesho yake.

Mama anakusalimu na anasema anakuombea, na kwamba safari hii ukipiga simu usikate haraka. Mpe wifi mkono wangu, umwambie anisamehe kwa kumharibia siku. Kifungo mbusu kwenye paji la uso. Visigino vyake usivishike tena, utamwogopesha, na nadhani wewe mwenyewe utaogopa.

Shemeji yako amekaa hapo mbele yako, najua, anajifanya anatazama dirisha. Nimemkataza hata kuonja chai yenu kabla hujavaa viatu, na ninavyomjua, safari nzima hatakuwa ametia kitu tumboni. Mhurumie. Nihurumie na mimi niliyeko huku nimeweka simu juu ya kifua changu kibovu, nasubiri ilie. Ikunje barua, Kaka, uvae viatu. Kamba usizifunge polepole.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano